Mama akiniuliza tena kuhusu posa, nimwambie ukweli?

*"Shikamoo. Nina miaka 28, mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi ya uhasibu Nairobi. Tangu nijijue navutiwa na wanawake, sijawahi kumpenda mwanamume hata siku moja. Nina mwenzangu, mwaka wa tatu sasa. Nyumbani wanamjua, mama humwita 'shoga yako', yaani rafiki yako wa kike, na humpa salamu, zaidi ya hapo hajui. Posa imeletwa mara ya pili na wazee wanataka jibu baada ya Idi. Ya kwanza niliikataa kwa kisingizio cha masomo. Khalati anasema nina jini mahaba, nipelekwe nikasomewe. Silali. Naamka saa tisa usiku moyo ukinienda mbio, tumbo linawaka, nimepimwa vidonda sikukutwa navyo. Kwenye simu nasoma kwamba siri kama hii inaua polepole na dawa yake ni kusema. Rafiki yangu aliye Canada naye ananiambia hivyo hivyo: sema, utapumua. Je, ni kweli? Nimwambie mama? Na nikinyamaza, nitazidi kuumwa?"*

Marahaba, mwanangu.

Rafiki yako hakudanganyi. Anakueleza yalivyokuwa kwake, katika nchi ambayo watu wa jinsia moja wanaruhusiwa kuoana tangu 2005, na ambako mtu akikosana na wazazi bado ana milango mingine ya kugonga. Wewe unaulizia nyumba ya mama yako Mombasa, na posa inasubiri jibu.

Kabla sijafika kwenye swali lako niondoe takataka mbili njiani. Ya kwanza: huumwi kwa sababu unapenda wanawake. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliacha kuyahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likaidhinisha orodha mpya ya magonjwa isiyo na jambo hilo tarehe 17 Mei 1990. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Hakuna aliyekuambukiza, hukuyaokota chuoni, na hakuna kidonge wala ushauri wa kuyaondoa. Wanaodai wanaweza kuyaondoa huwaacha watu na huzuni na fedheha waliyokuwa hawana walipoingia.

Ya pili ni hili la jini mahaba. Sitamcheka khalati yako. Kwetu pwani msichana akikataa posa, maelezo hayo huwa yako tayari, na yana huruma yake: yanasema tatizo si wewe, ni mgeni aliyekuingia. Ukikaa na mtu mwenye heshima akakusomea Kur'ani moyo ukatulia, huo ni utulivu wako na imani yako, sina neno. Lakini ukisikia habari ya kufungiwa ndani siku kadhaa, kunyweshwa vitu usivyovijua, kupigwa ili jini atoke, hapo usiende. Mwambie khalati, "Dua nitapokea hapa hapa nyumbani, mama akiwepo." Si ufidhuli huo.

Sasa mwili wako, maana ndio uliokufanya uandike. Je, siri inaumiza? Ndiyo, lakini angalia inapoumizia. Fikiria askari wa getini ambaye hakuna anayempokea zamu. Hajapigana na mtu, mwizi hajaja, hata hivyo asubuhi amechoka kuliko mbeba mizigo wa bandarini. Ndivyo ulivyo. Mchana kutwa sehemu moja ya akili yako iko lindoni: picha gani iko kwenye simu, nani amesimama nyuma yangu, nilimwambia nani kwamba wikendi nilikuwa wapi.

Kiswahili kwa upande mmoja kinakusitiri. Ukisema kazini "mwenzangu amesafiri", hakuna herufi inayotoboa kama ni wa kike au wa kiume. Anayezungumza Kiingereza, akifika penye 'he' au 'she', mara nyingi hulazimika kuchagua, na kila akichagua ama amesema uongo au amejianika. Ila lugha hiyo hiyo inakugeuka penye ndoa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na "utaolewa lini?" ni swali ambalo huwezi kulijibu kwa "yeye". Nadhani ndiyo maana miaka mitatu ulimudu, ukaja kuanguka posa zilipoanza.

Kila swali la namna hiyo ubongo hulisoma kama hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli, moyo hukaza mwendo, tumbo hupunguziwa damu na kazi yake huvurugika. Mwili ungefanya vivyo hivyo ukikimbizwa na mbwa. Tofauti ni kwamba mbwa huchoka akarudi kwao, na mwili ukapoa. Wewe wa kwako analala mlangoni. Tumbo linaweza kuwaka kweli kweli bila kidonda hata kimoja, kwa sababu mishipa ya fahamu ya tumbo na ubongo haiachi kuzungumza. Aliyekupima hakukosea, na wewe hujizushii.

Na ile saa tisa ya usiku? Mwaka 2017 Michael Slepian wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walichapisha utafiti kuhusu siri za kila aina. Walikuta kwamba watu huiwaza siri yao wakiwa peke yao mara nyingi zaidi kuliko wanavyolazimika kuificha mbele ya wengine, na kwamba kule kuiwaza peke yao ndiko kulikoendana na kuzorota kwa hali zao. Mimi hapo ndipo ninapopashika, kwa sababu panabadilisha swali. Kama kinachokula usingizi ni kuibeba peke yako, basi kuutangazia ukoo si njia ya pekee ya kuupata usingizi huo. Mara nyingi anatosha mtu mmoja. Huyo naye lazima awe mtu sahihi.

Hayo ya mtu sahihi siyasemi kwa kuokota hewani. Nicole Legate na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti uliouliza kama kujiweka wazi ni jambo jema siku zote. Jibu lilitegemea mazingira: kwa watu waliomwachia mtu nafasi ya kuwa alivyo bila kumsukuma, kusema kuliendana na nafuu, kwa wale wa kudhibiti na kuhukumu, nafuu hiyo haikuonekana. Mwaka 2015 kikundi kingine kiliangalia watu wazima wa California. Wanaume waliokuwa wamejiweka wazi, hasa waliosema karibuni, walikuwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, zaidi ya waliokuwa bado wanaficha. Kwa wanawake ikawa kinyume, waliokuwa wakificha ndio waliolemewa zaidi. Usilibebe hilo kama ramani ya Mombasa. California si Majengo wala Kibokoni. Nimelitaja ili yeyote anayekuambia "kusema kunaponya" au "kusema kunaangamiza" ujue amekupa nusu.

Nami niliwahi kutoa nusu hiyo. Miaka mingi nyuma, nikiwa mgeni katika kazi hii na kichwa kimejaa vitabu, nilimtia moyo kijana mmoja amwambie baba yake. Nilimfundisha hata maneno. Alisema Ijumaa baada ya swala, na usiku ule ule nguo zake zilikuwa kibarazani. Alilala kwa rafiki miezi minne, akaacha chuo mwaka mzima. Leo yuko salama na wakati mwingine hunipigia simu, lakini kosa lile ni langu. Sikuuliza maswali matatu mepesi: unalala kwa nani, unakula kwa nani, na karo analipa nani. Tangu siku ile nayauliza kwanza kabla ya jambo la moyo.

Kwa hiyo nikuulize. Kazi unayo, mshahara ni wako, na sitashangaa ikiwa ni wewe unayetuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi. Hilo linakupa nguvu ambayo kijana wangu hakuwa nayo. Lakini je, mkataba wa nyumba ya Nairobi uko kwa jina lako au la ndugu? Kuna binamu au kaka anayeishi karibu ambaye hasira zake unazijua? Vyeti vyako na kitambulisho viko kwako, au kabatini kwa mama? Kama vipo kwa mama, safari yako ijayo rudi navyo kimya kimya, useme usiseme. Na uwe na akiba ya miezi mitatu ambayo hakuna anayeijua.

Tuje kwa mama mwenyewe. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata wako ni yeye aliyekuzaa. Sisemi kwamba anajua. Ila ameona binti ambaye hajawahi kutaja jina la mvulana, mwenye shoga mmoja miaka mitatu, na bado anampa salamu huyo shoga. Kina mama wengi huijua nusu ya jambo na kuilinda nusu nyingine isije mbele yao, kwa sababu ikija itabidi wafanye kitu. Kimya cha namna hiyo wakati mwingine ni upole tu.

Na kuna jambo linalosahaulika. Ukimwambia mama, hutakuwa umeitua siri; utakuwa umempa nusu ya mzigo. Kesho yake yeye ndiye atakayekaa na khalati kibarazani akiulizwa kuhusu posa, na yeye ndiye atakayeamka saa tisa. Anaweza kuubeba? Wapo wanaoweza, na hugeuka kuwa ngao kubwa kuliko ulivyotarajia. Wapo ambao kabla ya magharibi watakuwa wamemwambia dada yao, kwa nia njema kabisa, "unisaidie dua". Wewe unamjua. Mara ya mwisho ulipompa jambo zito, ugonjwa au deni, lilikaa kwake siku ngapi? Na anapozungumziwa kijana wa jirani ambaye mtaa mzima unamsema, mama hulaani, hucheka, au hunyamaza akabadilisha maneno? Anayenyamaza, mara nyingi unaweza kuzungumza naye.

Hata akiwa mwema, jiandae kwamba jibu lake la kwanza huenda likawa baya. Wewe umekaa na jambo hili tangu utotoni. Yeye atakuwa amekaa nalo dakika tano. Atalia, atauliza alikukosea wapi, atasema bora asingesikia. Wengi hubadilika, kwa miezi au kwa miaka. Wengine hawabadiliki, na sitakuficha hilo.

Kwa wazazi wanaonisoma, nipite na moja tu. Caitlin Ryan na wenzake huko San Francisco walichapisha mwaka 2009 matokeo ya vijana wazima waliokataliwa sana na familia zao walipokuwa wakikua. Uwezekano wao wa kuripoti kwamba waliwahi kujaribu kujiua ulikuwa mara 8.4 ya wenzao ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo. Si lazima mzazi akubaliane na jambo ili amwache mtoto wake abaki mezani.

Sasa mwanangu, tufungue fundo. Umefunga mambo mawili kamba moja: kumwambia mama unampenda nani, na kuikataa posa. La pili lina tarehe, la kwanza halina. Unaweza kukataa posa bila kusema neno juu ya moyo wako. Na hapa kimya kitakuponza, kwa sababu kwetu kimya cha msichana mbele ya posa husomwa kuwa ridhaa. Tafuta neno fupi lisilo na mwanya: "Mama, mtu huyo simtaki, na mwaka huu sitaki posa nyingine. Nisemeeni kwa heshima, lakini mseme hapana." Usitoe sababu ya masomo tena. Sababu ina mwisho: masomo yakiisha, posa inarudi. Wakishikilia, ujue kwamba Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua ndoa ya hiari tu, na Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inaihesabu ndoa ya kulazimishwa kuwa ukatili. Katika dini pia, bikira huombwa idhini. Kama una ami anayejua elimu ya dini kidogo, unaweza kumwekea hilo mbele yake.

Najua umeshawaza pia kukubali tu, uolewe, mambo yapoe. Wengi huwaza. Nimekaa na wake waliofanya hivyo na waume waliooa bila kujua, na pande zote mbili huja kwangu zimechoka. Lindo lako la mchana lingekuwa la mchana na usiku, hata kitandani. Na yule mwanamume naye ni mtoto wa mtu.

Kuhusu sheria nisikuache gizani. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaadhibu tendo lenyewe la kimwili, hadi miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019. Kumwambia mama yako kwamba unampenda mwanamke hakumo humo. Ila ukivuka mpaka usidhani ni vivyo hivyo: Tanzania Bara adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, na Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Kwa hiyo jambo hili lisemwe kwa mdomo, ana kwa ana. Usiliandike kwenye WhatsApp, usilitume kwa sauti. Ujumbe husambaa, na kuna watu wanaoishi kwa kuwatisha wenzao kwa picha ya skrini. Ikikutokea, usilipe hata shilingi, maana ukilipa mara moja utalipa tena. Weka ushahidi, mtafute wakili. Jijini Nairobi ipo National Gay and Lesbian Human Rights Commission, shirika la kutetea haki za wanaopenda jinsia yao, ambayo haki yake ya kusajiliwa ilithibitishwa na Mahakama ya Juu Februari 2023. Wana msaada wa kisheria.

Kama ningekuwa mimi, mama asingekuwa wa kwanza kuambiwa, na hasa si wiki ya posa. Ukisema katikati ya mvutano ule, ukweli wako utasikika kama kisingizio kingine. Ningeanza na mtu mmoja asiyekaa kibaraza kimoja na khalati: dada au kaka ambaye hajawahi kukutoa siri, rafiki wa zamani, au mshauri nasaha. Huna haja ya hotuba. "Nina jambo nataka ulijue, na nataka likae kwako" inatosha, kisha uone analipokeaje. Mkae nalo mwezi. Tazama usingizi wako. Mwezi ukiisha, utakuwa umejifunza mengi kuliko ninayoweza kukuandikia, na wa pili utamchagua vizuri zaidi. Siku ya mama ikifika, iwe umejichagulia mwenyewe: siku mmelala salama, mko wawili, na una pa kwenda usiku ule kama hewa itachafuka.

Usipomwambia kabisa je? Utakuwa hujatenda kosa. Wapo watu wazima, wazee hata, walioishi na wenzao wakijulikana kwa watu watano tu duniani, na waliishi vizuri kwa sababu watano wale waliwajua kweli. Wanaonitia hofu ni wale wasiojulikana na yeyote. Na katika barua yako yote nimemwona mwenzako mara moja tu, mstari wa nne. Yeye anasemaje? Siri hii ni yake pia. Ukimtaja kwa mama umemtoboa na yeye, kwa hiyo mkubaliane kwanza.

Kuna mambo sitaki uyasubirishe. Kama usiku ule saa tisa kumewahi kupita wazo kwamba ni afadhali usiwepo, mwambie mtu leo, hata kabla hujamaliza kusoma, na uende hospitali au upige simu kwa Befrienders Kenya ambao kazi yao ni kusikiliza. Kama usingizi umekosekana zaidi ya wiki mbili, chakula hakipiti au unaikosa kazi, ni wakati wa kumwona daktari au mwanasaikolojia ana kwa ana. Sonona na wasiwasi vinatibika, na tiba yake haihitaji ujieleze kwa ukoo. Ukitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami, hiyo si ya mshauri, ni ya dharura hospitalini. Na mtu akikutishia kipigo au kukufungia, namba 1195 ya ukatili wa kijinsia haitozi malipo.

Unapomtafuta mshauri, muulize kwenye simu kabla ya kulipa: "Ukija kwako mtu anayependa jinsia yake, humsaidia vipi?" Akianza kuzungumzia kukubadilisha, mshukuru, ukate simu. Muulize pia kama amesajiliwa, maana kazi hii ina sheria yake tangu 2014, na kama maneno yako yatabaki chumbani mwake.

Kwa wiki hii, fanya mawili tu. Lile jibu la posa, liseme kwa sauti mara kumi mwenzako akikusikiliza, mpaka litoke bila kutetemeka. Na usiku ukiamka, usibaki kitandani ukihesabu. Inuka, kaa kwenye kiti, andika kwenye karatasi kinachokutisha, kisha uichane vipande. Niandikie baada ya Idi, hata kama ni mstari mmoja wa kunieleza mama alisemaje uliposema hapana.